Kubatiza mtoto aliye hatarini kufa: nani anaruhusiwa, na anafanyaje

Mtoto wa kwanza niliyembatiza nilimbatiza vibaya. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Umatengo ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa mkunga mwenye miezi minne kazini kwenye zahanati ya mlimani. Mama alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto njiti, analia kidogo kama paka, ananyamaza, anaanza tena. Bibi yake akanishika mkono: "Sista, huyu asiondoke hivihivi." Sikuwa mtawa, kwetu kila nesi wa kike anaitwa sista. Paroko, padre anayesimamia parokia yetu, alikuwa ameenda kwenye kanisa dogo la mbali, yaani kigango, na simu za mkononi hazikuwepo. Nikachovya kidole gumba kwenye kikombe cha maji, nikamchora mtoto msalaba kwenye paji la uso kama nilivyowaona mapadre wakifanya, nikatamka maneno.

Mtoto alipona. Jumapili nikamfuata katekista wa kigango, mzee aliyenifundisha komunyo ya kwanza, nikamsimulia kwa furaha. Akaniuliza swali moja tu: "Maji yalitiririka, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kidole kilikuwa na unyevu, basi. Paroko aliporudi naye akauliza lilelile, kisha akambatiza mtoto kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakunigombeza. Aliniambia kosa ni lao, kwamba hawakutufundisha. Baadaye nilikuja kuona kwamba sheria ya Kanisa inasema hivyohivyo: kanuni ya 861 inawataka wachungaji, hasa paroko, wahakikishe waamini wanajua namna sahihi ya kubatiza. Nimefanya kazi wodi za wazazi miaka 31, sasa nimestaafu, na bado nakutana na manesi Wakatoliki, hata akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ambao hawajawahi kufundishwa jambo hili. Kwa hiyo nalieleza hapa kwa namna ninavyowaeleza wasichana wanaoanza ukunga.

Kwanza, nani. Siku za kawaida wanaobatiza ni watatu: askofu, padre na shemasi. Hawa wakikosekana au wakizuiwa, askofu anaweza kumteua katekista au mtu mwingine abatize kihalali, na yapo maeneo yenye vigango vingi na mapadre wachache ambako hufanyika hivyo. Lakini katekista hapati ruhusa hiyo kwa kuwa katekista tu. Lazima awe amepewa. Sista wa kitawa naye, pamoja na heshima yote tunayompa, katika hili ni mlei, muumini asiye na daraja takatifu, kama mimi na wewe. Nalisema kwa sababu nimeona watu wakipoteza dakika za thamani kumtafuta sista wa konventi wakati baba wa mtoto amesimama palepale na mikono miwili mizima.

Sasa ikija dharura, mlango unafunguliwa wote. Mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Baba, mama, shangazi, nesi, dereva wa ambulensi, jirani. Mwanamume au mwanamke. Mkatoliki au Mlutheri. Hata mtu ambaye yeye mwenyewe hajabatizwa. Katekisimu inalisema wazi katika namba 1256. Wala si jambo la juzi. Mtaguso wa Florence, mwaka 1439, uliandika kwamba wakati wa lazima hata mlei, mwanamume au mwanamke, hata mpagani, anaweza kubatiza mradi afuate desturi ya Kanisa na akusudie kufanya lile Kanisa linalofanya. Anayesitasita namkumbusha Munyonyo, Uganda, Mei 1886. Karoli Lwanga hakuwa padre. Alikuwa mkuu wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, na alipoona kifo kimewakaribia aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, waliokuwa chini yake, Kizito akiwa mmoja wao, kijana mdogo kuliko wenzake. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Kizito yule tunayempa watoto wetu jina lake alibatizwa na mlei.

Mmoja tu hawezi kubatiza, na ni yule anayetaka kujibatiza mwenyewe. Lazima awepo mwingine.

Dharura ni nini? Ni hatari ya kufa, na padre au shemasi hawezi kufika kwa wakati. Paroko kuwa kwenye kikao si dharura. Wala si dharura paroko kuwaambia wazazi wasubiri kwa sababu ya mafundisho au kwa sababu ndoa yao haijafungwa. Nimeombwa mara nyingi na bibi ambao wanawe wameacha kusali: "Njoo tu nyumbani, nina mjukuu, mmwagie maji kimyakimya." Nakataa. Maji na maneno yakiwa sahihi, ubatizo huo utashika kweli, na ndipo ubaya ulipo: mtoto mzima wa afya anakuwa amebatizwa nje ya sheria, hakuna aliyeahidi kumlea katika imani, na ubatizo haurudiwi. Bibi namwelewa, uchungu wake naujua. Aende na mwanawe kwa paroko.

Kwenye wodi mimi niliangalia mambo ambayo mkunga yeyote anayajua: mtoto anayeacha kupumua mara kwa mara, rangi ya bluu isiyoondoka hata akiwa kwenye oksijeni, njiti mdogo sana, mtoto mwenye tatizo ambalo daktari amesema halina matibabu. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, usingoje uhakika. Na tafadhali, ubatizo usisimamishe tiba hata kidogo. Mwenzako anayempulizia mtoto hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono, aendelee kupuliza. Wewe unahitaji sekunde kumi na upande mmoja wa kichwa. Kama uko peke yako, mpulizie kwanza.

Maji yawe maji. Ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya mto, ya bahari, hata ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, mradi ni maji ambayo mtu akiyaona ataita maji. Si lazima yawe yamebarikiwa; katika dharura maji ya baraka usiyatafute. Maziwa hayabatizi, mafuta hayabatizi, mate hayabatizi, juisi na soda vivyo hivyo. Chai usiifikirie kabisa, tafuta maji.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, kikombe kinatosha. Inamisha kichwa chake pembeni kidogo, mwaga polepole kwenye paji au utosini, maji yaguse ngozi na yateremke. Nywele zikiwa nyingi zipanguse pembeni kwa vidole ili maji yafike kwenye ngozi. Desturi yetu ni kumwaga mara tatu, kila jina la Utatu na mmwago wake. Ukishindwa, mmwago mmoja unaoendelea wakati unatamka maneno unatosha.

Kwa njiti nitakuonyesha ninavyofanya, maana hapa ndipo wengi wanaogopa. Mtoto ana gramu 900, yuko kwenye kitanda cha joto, ana kofia ya sufu, ana mrija puani. Tone la maji baridi likimshtua linaweza kumdhuru. Chukua ile chupa ndogo ya maji safi ya kuchanganyia dawa za sindano. Nayo ni maji halisi. Ishike ndani ya kiganja dakika moja ipate joto la mwili. Vuta mililita mbili kwa sirinji, toa sindano, baki na bomba tupu lenye maji. Sogeza kofia nyuma kama upana wa vidole viwili. Weka pamba au kitambaa kikavu pembeni ya sikio. Kisha sukuma taratibu: matone yanaangukia paji, yanakutana, yanafanya kamstari kadogo kanachoteremka hadi kwenye pamba. Ukikaona hako kamstari, maji yametiririka. Futa, rudisha kofia, funga mlango wa kitanda. Hapo mtoto hajapoteza joto, na wewe huna shaka niliyokuwa nayo mimi mwaka ule.

Kichwa kikiwa hakifikiki, kwa mfano uzazi umekwama, mwagia sehemu iliyotoka. Akizaliwa hai, abatizwe kwa sharti kichwani. Mimba ikitoka na kiumbe kingali hai, sheria inasema kibatizwe kadiri inavyowezekana. Ukiwa hujui kama bado kina uhai, sema, "Kama uko hai, nakubatiza..." na uendelee.

Maneno ni haya: "Yohane, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Unaweza kusema "mimi nakubatiza" au "ninakubatiza", ni mamoja. Jina la mtoto waulize wazazi; likikosekana, ubatizo haubatiliki, tamka tu "nakubatiza". Lakini mengine yote usiyaguse. Usiseme "kwa jina la Yesu" ukaishia hapo. Usiseme "tunakubatiza". Agosti 2020 Roma ilitangaza kwamba anayesema "sisi tunakubatiza" hajabatiza, na kule Marekani padre mmoja alipoangalia video ya ubatizo wake wa utotoni alikuta shemasi alitumia neno hilohilo. Ikabidi abatizwe, apewe kipaimara, na apewe daraja la upadre tangu mwanzo, kwa sababu asiyebatizwa hawezi kupokea daraja. Herufi chache tu hizo. Watu wazuri wanabadilisha maneno kwa upendo, wakitaka familia nzima ijisikie imo. Tafadhali usibadilishe. Upendo wako uweke kwenye jinsi unavyomshika mtoto.

Anayemwaga ndiye anayetamka, kwa wakati uleule. Baba asimwage huku mama anasema. Bibi akitaka kushiriki, ashike mshumaa, au aanze Baba Yetu.

Hapo ndipo ninapokumbuka zamu moja ya usiku, miaka michache kabla sijastaafu. Nilikuwa nyumbani nimelala. Simu ikaita, ni mwenzangu wa wodi ya watoto wachanga, Mwislamu, mmoja wa manesi hodari niliowahi kufanya nao kazi.

"Shikamoo dada, samahani kukuamsha. Kuna mtoto hapa anaishiwa. Mama yake bado hajazinduka kutoka chumba cha upasuaji. Bibi yuko mlangoni anasema abatizwe. Namba ya paroko haipatikani."

"Marahaba. Bibi anaweza kumbatiza mwenyewe. Mvue viatu, mnawishe, mwingize."

"Ameshindwa hata kusimama, dada. Amekaa chini."

"Basi wewe unaweza."

Akanyamaza. "Mimi? Mimi Mwislamu, dada."

Nikamwambia ukweli kama ninavyoandika hapa: Kanisa halimtaki aamini tunachoamini. Linamtaka awe na nia ya kumfanyia huyu mtoto kile ambacho Kanisa hufanya linapobatiza, basi. Na nikamwambia kama dhamiri yake inamkataza, aseme, hakuna wa kumlaumu, nitachukua bodaboda sasa hivi. Akafikiri. Akasema, "Bibi ameniomba. Nitamfanyia." Nilimsomea maneno mara mbili, akayarudia mara mbili. Sirinji aliijua kuliko mimi. Kisha nikanyamaza kabisa, maana sauti yangu kwenye simu haikuwa na kazi tena. Aliyeshika maji ni yeye. Nilimsikia akitamka, polepole, neno kwa neno, halafu akasema, "Yameteremka, dada."

Mtoto alifariki saa 10 alfajiri. Wiki ile nilikwenda na yule nesi ofisi ya parokia, na paroko akaandika jina lake, jina la Kiislamu, kwenye safu ya aliyebatiza.

Kuhusu ridhaa ya wazazi nitasema wazi, kwa sababu wodi zetu zina mama wa kila dini. Kwa kawaida lazima angalau mzazi mmoja, au mlezi anayeshika nafasi yao, akubali. Kanuni ya 868 inasema mtoto aliye katika hatari ya kufa anabatizwa kihalali hata wazazi wasipotaka. Naijua kanuni hiyo, na katika miaka 31 sijambatiza hata mtoto mmoja ambaye mama yake au ndugu zake hawakuomba. Mama Mwislamu aliyeniachia mwanawe usiku ameniamini nimtunze. Mtoto akifa bila ubatizo, Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na Katekisimu namba 1261 inatupa tumaini kwamba kuna njia ya wokovu kwa watoto hao. Tumaini hilo linanitosha. Msaidizi wangu akiniuliza, ninamwambia: uliza, na ukiambiwa hapana, endelea kumtunza mtoto.

Aliyekwisha kufa habatizwi. Sakramenti ni za walio hai. Nimeombwa na mama anayelia amemshika mtoto aliyezaliwa mfu, na kumkatalia ndiko kugumu kuliko yote kwenye kazi hii. Usimkatalie ukaondoka. Kaa naye. Mpeni mtoto jina, salini pamoja, na mwambie kwamba wazazi waliokusudia kumbatiza mtoto wao wanaweza kuomba azikwe kwa ibada ya Kanisa. Askofu ana mamlaka ya kuruhusu hilo. Wazazi wengi hawalijui na wanamzika mtoto pembeni ya shamba kwa aibu.

Mgonjwa mtu mzima ni habari nyingine kidogo. Yeye lazima atake mwenyewe. Muulize kwa maneno mepesi: unamwamini Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu? Unaamini Yesu alikufa na kufufuka kwa ajili yetu? Unataka kubatizwa? Ukipona utaishi kufuatana na amri za Mungu? Akiitikia, hata kwa kichwa, mbatize. Padre akiwa karibu, mwite yeye, kwa kuwa anaweza pia kumpa kipaimara na mpako wa wagonjwa, mambo ambayo mlei hawezi. Na uliza kwanza kama alishabatizwa zamani. Ndugu huja mbio wakisema "baba abatizwe upya, aliacha kusali miaka ishirini". Habatizwi upya. Anahitaji kitubio, kwa hiyo mtafute padre. Aliyebatizwa kwa Walutheri au Waanglikana kwa maji na kwa jina la Utatu naye amebatizwa.

Baada ya maji kuna kazi ambayo mimi niliipuuza mara moja na ikamgharimu mtoto wa watu. Msichana niliyembatiza wodini alipona, familia ikahamia mji mwingine, na mimi kwa uchovu wa zamu sikupeleka taarifa. Alipofika mafundisho ya komunyo ya kwanza wakaomba cheti. Hakuna kitabu chochote kilichokuwa na jina lake. Mama yake alihangaika miezi kunitafuta, na mwisho nikaandika barua na kutia sahihi, kwa kuwa ushahidi wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka unakubalika. Je, ningekuwa nimekufa?

Kwa hiyo usitoke zamu kabla hujaandika. Kipande cha karatasi kinatosha: jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, tarehe na mahali alipobatizwa, majina ya wazazi, aliyebatiza, na shahidi. Shahidi ni muhimu. Msimamizi kamili hahitajiki katika dharura, ila ita mtu mmoja aone na asikie, hata mfagiaji wa wodi. Karatasi hiyo ifike kwa paroko wa eneo lile, si siku utakapokumbuka. Peleka hata kama mtoto amefariki. Nakala mpe mama.

Mtoto akipona, wazazi wampeleke parokiani kupokelewa rasmi. Waende na wasimamizi, nguo nyeupe na mshumaa. Padre atampaka krisma, mafuta matakatifu, atamvika nguo nyeupe, mshumaa utawashwa kutoka ule wa Pasaka, wazazi na wasimamizi wataikiri imani. Maji hayamwagwi tena, isipokuwa kuna shaka, kama ilivyokuwa kwa yule wa kwanza. Waambieni bibi mapema. Mmoja alisimama katikati ya ibada akauliza kwa sauti, "Padre, mbona umesahau maji?" Paroko akamwonyesha mimi, nikiwa benchi la tatu, akamwambia, "Maji yalishamwagwa wodini, mama. Muulize sista." Ikabidi nisimame mbele ya watu wote nimweleze kuhusu ile sirinji.